Programu ya Maziwa Iliyogombanisha Majirani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya Elburgon, na Najwa Shariff amesimama nyuma ya karani wa maziwa akitetemeka. Amevaa buibui jeusi na sweta jepesi la mjini. Hii ni mara yake ya pili kufika, na bado baridi ya huku inamwingia hadi kwenye meno.

Mwanamke mzee aliye mbele ya foleni anamtazama kwa muda. Kisha anajivua shuka alilojifunika mabegani na kumfunika Najwa bila kumuuliza.

"Vaa hiyo, msichana. Mimi nimezoea," anasema. "Utanirudishia ukienda."

Mwanamke huyo ni Wangare, mkulima mwenye ng'ombe wawili. Karani aliyeketi mbele ya kompyuta ni Kipkemei. Naye Najwa, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, ndiye aliyeandika programu iliyo kwenye kompyuta hiyo. Kila mkulima aliye kwenye foleni ana neno la kusema kuhusu programu hiyo, na maneno mengi si mazuri.

Leo Najwa hakuja na laptopu wala vifaa. "Nimekuja kuangalia tu," anasema. "Sijui shida iko wapi. Ningejua, ningekuwa nimeshairekebisha."

Kazi ya kituo hiki cha ushirika ni rahisi kueleza. Mkulima anafika na mkebe wake. Karani anaandika jina lake kwenye kompyuta. Jina likitokea, mkebe unawekwa kwenye mizani, kilo zinaingizwa, na maziwa yanamiminwa kwenye tangi. Jina lisipotokea, mkebe unangoja. Lori linalopeleka maziwa kiwandani lina saa yake, na likishaondoka, waliobaki hurudi nyumbani na maziwa yao.

Tangu programu ya Najwa ianze kutumika, waliorudi nayo ni wengi.

"Waliofaidika ni ndama," anasema Kipkemei. "Wamenona mpaka watu wanauliza wanalishwa nini."

Lakini kukawia si jambo lililowaumiza watu zaidi. Kilichowaumiza ni namna programu ilivyochagua wa kuwakawisha. Majina ya Wakikuyu yalitokea mara moja. Majina ya Wakalenjin yalisimama, yakasimama tena, na mara nyingine kompyuta ikaganda kabisa.

Huku juu, jamii hizi mbili zimepakana ua kwa ua, na wazee bado wanakumbuka miaka ya ghasia ambayo majirani walihama usiku. Hakuna anayependa kuizungumzia miaka hiyo. Kwa hiyo mashine inapomhudumia huyu na kumwacha yule, watu hawaiulizi mashine. Wanatazamana.

Mzee Kiprugut, Mkalenjin anayelima upande wa pili wa ua wa Wangare, ambaye ni Mkikuyu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema kwa sauti. "Mimi sikusoma mambo ya kompyuta, lakini foleni naisoma," anasema. "Huyu mama anaandikwa kabla mkebe wake haujashuka kwa mkokoteni. Mimi nasimama mpaka maziwa yanashika utando."

Kwa miaka mingi mikebe ya wawili hawa ilifika hapa kwa mkokoteni mmoja. Punda ni wa Wangare, nyasi za punda zilitoka kwa Kiprugut, na hakuna aliyemdai mwenzake. Mambo ya programu yalipozidi, Kiprugut alianza kuleta mkebe wake kwa bodaboda, akilipia safari aliyokuwa akiipata bure.

Punda peke yake ndiye hakuambiwa. Kila asubuhi bado husimama kwenye lango la Kiprugut, na Wangare hulazimika kumvuta hadi akubali kusonga.

"Naona aibu kumvuta," Wangare anasema, akiipuliza mikono yake ipate joto. "Inakuwa kama ni mimi nimekataa."

Najwa alizaliwa na kulelewa mtaa wa Bondeni mjini Nakuru. Babu yake alipanda treni kutoka Pwani akitafuta kazi, na hakurudi. Baba yake, Shariff, ni fundi wa cherehani. Mama yake, Hadiya, hupika mahamri na mbaazi tangu Najwa akiwa mdogo, na pesa za mahamri ndizo zilizomlipia karo ya chuo alikosomea kompyuta.

Sasa ameajiriwa na Gautam, mfanyabiashara aliyefungua ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mshahara wake ni shilingi elfu thelathini na mbili kwa mwezi. Huandika programu za maduka, za zahanati, na hii ya maziwa, ambayo ndiyo ya kwanza kukabidhiwa peke yake.

Kazi yenyewe huwachanganya hata watu wa nyumbani kwake. Programu kama hii, Najwa anaeleza, haiwajui wakulima. Habari zao zimewekwa kwenye ghala la data, ambalo liko kwenye kompyuta nyingine mjini Nakuru. Ndani ya programu kuna maswali ambayo yeye ameyaandika na kuyapachika: huyu ni nani, mkebe wake ni namba gani, jana alileta kilo ngapi. Karani akigusa kitufe, swali linasafiri kwa mtandao wa simu hadi Nakuru, na jibu linarudi Elburgon.

"Ni kama kumtuma mtu dukani," anasema. "Akichelewa, unajiuliza: ni yeye anatembea polepole, au ni mwenye duka, au ni mimi nimemtuma vibaya?"

Malalamiko ya kwanza yalipofika, aliijaribu programu ofisini. Kwa majaribio alikuwa ametia majina ya watu wa kwao: Shariff, Hadiya, Musab, Nasrudin, Ilwad. Kila jina lilitokea kabla hajainua kidole. Akaambia ushirika kwamba labda ni netiweki.

Ushirika ukafunga antena ndefu juu ya paa. Hali haikubadilika.

Akaipekua programu mstari kwa mstari, na kweli akapata kosa. Kila swali lilipofika Nakuru, ghala lilianza upya kulisoma, kulielewa na kutafuta njia ya kulijibu, hata kama ni swali lile lile lililoulizwa punde tu. "Ilikuwa kama mama akande unga upya kwa kila hamri," anasema. Akalipanga swali likandwe mara moja asubuhi, kisha libadilishwe jina tu kila mkulima anapofika.

Ofisini programu ikakimbia kuliko mwanzo. Alifurahi akampigia Kipkemei simu.

"Nikamwambia ukweli," Kipkemei anakumbuka. "Huku ni vile vile, madam."

Basi akaja mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alisimama hapa hapa, na mbele ya macho yake programu ikafanya kazi bila kukwama. Wangare akaandikwa. Wa pili akaandikwa, na wa tatu. Kabla foleni haijaisha, Najwa alipanda gari kurudi mjini akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokuja. Mgonjwa alikuwa amekataa kuumwa mbele ya daktari.

Langoni, kabla hajaondoka siku hiyo, Kiprugut alimsimamisha. Hakupandisha sauti.

"Msichana wangu," alimwambia, "ni nani alikulipa?"

Najwa anasema aligeuka akaenda zake kwenye gari. "Si kwamba niliogopa. Sikuelewa swali lenyewe. Mimi hata sikuwa najua nani ni kabila gani hapa. Nilifika nyumbani nikalia, mama akaacha unga akaja kukaa na mimi."

Hadiya hakumwambia mengi. Alimwambia kwamba mtu akikulaumu kwa jambo usilolijua, kwanza nenda ukalione.

Gautam naye angeweza kukasirika. Kamati ya ushirika ilikuwa imemwandikia kwamba programu isipotengemaa kabla ya mkutano wake unaofuata, itaondolewa, na Najwa alijua kuwa kazi yake ingeondoka nayo. Badala yake Gautam alimwekea chai mezani.

"Usiguse programu tena," alimwambia. "Nenda ukae na wao mpaka uelewe. Usipoelewa, rudi, tutakosa kuelewa pamoja."

Ndiyo sababu asubuhi hii amesimama nyuma ya Kipkemei, amejifunika shuka la Wangare, macho yake yakiwa kwenye kioo cha kompyuta.

Wangare anaandikwa mara moja. Anayemfuata anaandikwa mara moja. Kisha Kipkemei ananyoosha shingo, anaita mtu aliye katikati ya foleni, na mtu huyo anapita mbele ya Kiprugut na wenzake watatu. Kiprugut anatazama kando, kama mtu aliyezoea.

"Mbona umemruka mzee?" Najwa anauliza.

Kipkemei anashusha sauti. "Yake itachukua muda. Mimi huwamaliza wa haraka kwanza, ndio foleni isonge. Halafu nabaki na hawa wengine polepole."

"Hata siku ile nilikuja?"

"Hata siku ile. Ulikuwa mgeni. Sikutaka uaibike mbele ya watu."

Najwa anageuka kuitazama foleni. Kipkemei mwenyewe ni Mkalenjin, na wale aliowaacha nyuma ni baba zake wadogo na majirani wa mama yake. Aliwaomba wao wavumilie kwa sababu ni wa kwao, kama vile mwenye nyumba hula mwisho. Lakini kwa wanaotazama kutoka kwenye foleni, ilionekana hata karani amejiunga na mashine.

"Muite mzee," Najwa anasema. "Sasa hivi."

Kiprugut anasogea na kuweka mkebe wake chini. Kipkemei huandika kwa kidole kimoja. Anagusa K. Anagusa I. Anagusa P.

Kompyuta inasimama.

Halafu majina yanaanza kushuka kwenye kioo. Kipchirchir. Kipkorir. Kipngetich. Kiprono. Yanashuka kama mahindi kwenye gunia lililotoboka, na kando ya kila jina inajitokeza namba ya mkebe, kisha kilo za jana, moja baada ya nyingine. Jina la Kiprugut liko mahali fulani huko chini, na bado halijafikiwa.

Najwa ameziba mdomo kwa pembe ya shuka.

"Ni mimi," anasema. "Wallahi, ni mimi."

Inachukua muda mrefu kuwaeleza, na huenda si wote walioelewa. Alipokuwa akiandika programu, Najwa alitaka kumsaidia karani asichoke. Akaiagiza kwamba herufi tatu zikishaandikwa, ilete majina yote yanayoanza nazo, karani achague. Na kwa kila jina litakalokuja, iulize swali la pili kuhusu mkebe, na la tatu kuhusu maziwa ya jana.

Nyumbani kwao Bondeni, herufi tatu zinatosha kumfikia mtu mmoja. Ukiandika Nas, ni Nasrudin. Ukiandika Ilw, ni Ilwad. Lakini huku wanaume wengi mno wa Kikalenjin majina yao huanza na Kip. Kipkemei alipogusa herufi ya tatu, programu ilianza kuwaulizia hao wote wa kata hiyo, mmoja mmoja, kila swali likisafiri hadi Nakuru na kurudi. Majina ya wanaume wa Kikuyu huanza kwa herufi mbalimbali, na Wangare, mmoja wa wanawake wachache walioandikishwa kwa jina lao wenyewe, alipita bila kungoja.

"Nilimtuma mtu dukani akalete chumvi," Najwa anasema. "Akirudi, namtuma sukari. Akirudi, namtuma majani. Na kwa Kip, nilimtuma alete duka lote, punje kwa punje."

Kiprugut amesikiliza mikono ikiwa nyuma. "Hayo ni maneno," anasema. "Nataka kuona. Kipkemei, andika mkebe wangu kwa jina la huyu mama."

"Mzee, siwezi. Maziwa yako yataenda kwa hesabu yake."

"Sijasema umimine. Nimesema uandike."

Kipkemei anaandika Wangare. Jina linatokea mara moja, na mkebe wa Kiprugut uko kwenye mizani. Mzee anautazama mkebe wake kana kwamba umemficha jambo.

"Na mimi je?" Wangare anauliza kutoka pembeni. "Niandike Kipwangare."

Foleni inacheka. Kipkemei anaandika K, I, P, na kompyuta inasimama pale pale. Wangare anakunja mikono na kungoja. Anangoja sana. Anahamishia uzito wake mguu mwingine.

"Eh," Kiprugut anamwambia. "Onja."

Barabarani, dereva wa lori la maziwa, ambaye hajawahi kungoja mtu, amezima injini. Ameegemea dirisha na anatazama. Asubuhi hii hakuna atakayerudi na maziwa.

"Kwa hivyo Kip amekosea nini?" Kiprugut anamuuliza Najwa.

"Hajakosea, mzee. Nyinyi ni wengi, na mimi nilidhani ni mmoja."

Mzee anafikiria. "Sijaelewa vizuri," anasema mwishowe. "Lakini nimeona."

Kabla ya kuondoka, Najwa anaomba ruhusa ya kubeba majina yao akayajaribu ofisini. Wanampa kwa utani mwingi. Mmoja anamwonya asilipeleke jina lake benki. Mwingine anamwambia asimsahau mkewe, kwa sababu wanawake wa kwao ni Chep huyu na Chep yule, nao wataanza kulalamika.

Ofisini Nakuru aliyatia majina hayo kwenye laptopu, akaandika Kip, na kwa mara ya kwanza programu ikakwama mezani pake. "Nilimwita Gautam aje aone," anasema. "Tulifurahi kama madaktari waliomkuta mgonjwa wao akiumwa."

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo kuliko mateso yaliyoyatangulia. Yale maswali matatu ameyafanya swali moja, lirudi na jina, mkebe na maziwa ya jana kwa safari moja. Programu sasa huleta majina machache tu kwa wakati, si kijiji kizima. Na karani si lazima aanze na jina. Anaweza kuandika namba iliyopakwa rangi kwenye kifuniko cha mkebe, ambayo haina kabila na haifanani na ya mtu mwingine.

Siku programu mpya ilipoanza kutumika, jina la Kiprugut lilitokea kabla hajashusha mkebe. Aliuliza kama ni yeye kweli. Mkutano wa kamati ulipofika, suala la kuiondoa programu halikuzungumzwa. Badala yake ushirika ulimwomba Gautam programu nyingine, ya stoo ya chakula cha ng'ombe.

Si kila kitu kilitengemaa. Kuna waliobaki wakisema kwamba msichana wa Nakuru sasa amelipwa na upande wa pili. Kipkemei hucheka anapolisimulia hilo, ingawa si sana. Amerudi kuwapokea watu kama walivyopangana, na anasema lingekuwa jambo la busara kufanya hivyo tangu mwanzo.

"Programu nimeirekebisha," Najwa anasema. "Hiyo nyingine, ya watu, sijui inaguswa wapi."

Ana mpango kuhusu stoo. Hataandika mstari hata mmoja kabla ya kuja kusimama kwenye foleni ya chakula cha ng'ombe, na kusikia watu wanavyoitana. Ameshamwambia Gautam, na Gautam amemtafutia koti zito.

Ana tumaini lingine pia, ambalo analisema akitazama chini. Angependa kuuona mkokoteni ukifika na mikebe miwili.

Ni asubuhi nyingine ya ukungu, na Najwa amekuja nyumbani kwa Wangare kumrudishia shuka lake, ambalo siku ile aliondoka nalo. Hadiya amelifua na kulipiga pasi, na ndani yake amefunga mahamri. Wanatoka pamoja kuelekea kituoni, Wangare akiwa ameshika kamba ya punda, mkebe mmoja nyuma yao.

Kwenye lango la Kiprugut, punda anasimama.

Wangare hamvuti. Anailegeza kamba na kusimama pia. Najwa anasimama naye, mikono ndani ya koti jipya. Hakuna anayebisha hodi wala kuita.

Baada ya muda mlango unafunguka, na Kiprugut anatoka akiwa na mkebe mkononi. Anatazama upande ambao bodaboda hutokea. Anamtazama punda. Kisha anakuja, anauweka mkebe wake kando ya ule mwingine, na kuufunga kwa kamba iliyobaki.

"Huyu punda hakuwahi kuelewa," anasema.

"Hata mimi," Wangare anajibu, na kumgusa punda mgongoni waende.